Kafara ya Watu Kumi na Wanne

Bi Mwanamkisi alikuwa na usemi wake kwamba alianza kuchoka kabla hajazaliwa. Mama yake alimbeba tumboni huku akifua nazi za watu, na kila nazi iliyochomwa kwenye kifuo, yeye humo ndani alitikisika. Ukimuuliza umri alisema sabini na moja. Ukimuuliza umri wa magoti alisema tisini, na kwamba magoti hayo aliyarithi.

Kazi yake ilikuwa ile ile ya mama yake. Asubuhi alifua nazi, akiivua makumbi kwenye chuma kilichosimikwa ardhini ncha juu. Alasiri akasuka makuti ya kuezekea. Shamba nalo lilikuwa lile lile, nyuma ya Mbwajumali, minazi elfu na ushei, mali ya Bwana Khatib wa Mkomani, mtaa wa Lamu mjini, na kabla yake mali ya baba yake Bwana Khatib, Mungu amrehemu, ambaye naye hakuwa na haraka ya kumwongeza mtu kitu. Kilichobadilika katika miaka hiyo yote ni kifuo tu. Zamani kilikuwa cha mti.

Ndani ya shamba hilo hilo ndimo ilimokuwa nyumba yake: vyumba viwili vya fito na udongo, paa la makuti aliyoyasuka mwenyewe, mlango wa mninga uliochongwa na marehemu mumewe. Mumewe alijenga pale kwa ruhusa ya mdomo. Ruhusa ya mdomo ina ubaya mmoja: mdomo ukifumba, nayo imekwisha.

Chumba cha mbele alilala yeye. Cha nyuma alilala Hamdu, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye mpaka Ramadhani iliyopita alikuwa mkwezi hodari kuliko wote shambani. Siku ile, kumi la mwisho, Bwana Khatib alipiga simu kutoka Mkomani kwamba nazi za Idi ziangushwe haraka. Hamdu alikuwa amefunga. Ilikuwa baada ya alasiri, jua kali na upepo umekufa. Alikwea mnazi wa ishirini na sita, kizunguzungu kikamshika huko juu, akaja chini pamoja na kole la nazi mkononi. Walimlaza juu ya kitanda, wakambeba mpaka gatini, wakangoja boti, na boti ikangoja maji yajae. Alipofika hospitali Lamu nyonga ilikuwa imekwisha kuvimba kama fenesi. Mfupa uliunga upande. Tangu hapo Hamdu hakusimama ila kwa kushikwa huku na huku.

Bwana Khatib alikuja kutoa pole, akaleta sukari kilo mbili. Akasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu anayefundisha: "Mtu aliyefunga hakwei mnazi. Akikwea akaanguka, kosa ni lake mwenyewe." Sukari ilikuwa nzuri, haikuwa na sisimizi.

Hapo ndipo kilipozaliwa chama.

Aliyekianzisha ni Nusra, msichana aliyemaliza kidato cha nne akarudi kufua nazi kama wenzake, ila yeye alifua huku akiuliza maswali. Alipata namba ya simu ya Hillary, afisa wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, mwenye ofisi yake Mokowe, chumba kimoja juu ya duka la mabati. Hillary alikuja na boti, akashuka amejaa chumvi na matapishi, maskini mtu wa bara, akakaa kwenye banda la makuti akawaeleza. Wakijiandikisha wengi, tajiri atalazimika kukaa nao mezani. Watadai Hamdu alipwe fidia ya kuumia kazini. Watadai kamba madhubuti na boti ya dharura. Alitoa karatasi za kujaza.

Watu waliziangalia zile karatasi kama samaki wa jana.

"Karatasi hulowa," alisema Bi Mwanamkisi.

"Mama, sheria inataka sahihi tu," alisema Hillary.

"Hiyo ni sheria ya Mokowe. Huku mtu akitaka kukuamini hukuapisha."

Akaenda nyumbani, akauleta Msahafu wa marehemu mumewe umefungwa kitambaa cha kijani. Watu kumi na watano, wakwezi kwa wafuaji, Hamdu mmoja wao akiwa juu ya kitanda chake, wakaweka mkono wa kulia mmoja baada ya mwingine: Wallahi, sitoki katika chama hiki mpaka Hamdu apate haki yake. Kisha ndipo wakajaza karatasi, kwa kumridhisha mgeni. Hillary alipanda boti akitikisa kichwa, akasema hajawahi kuona chama kigumu namna hii.

Barua ya chama ilipomfika Bwana Khatib, alinyamaza wiki mbili. Halafu akaja, akakaa kwenye baraza ya nyumba yake ya shambani, akawaita mmoja mmoja.

Zamu ya Bi Mwanamkisi ilikuwa saa nne asubuhi. Fadhil, msimamizi wa shamba, ndiye aliyemfuata pale kwenye kifuo. Fadhil hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetaka mshahara wake, na wapo wengi.

Bwana Khatib alimkaribisha kwenye kiti. Miaka sabini na moja, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kiti cha baraza ile. Akatiliwa chai ya maziwa yenye iliki, akawekewa mahamri matatu kwenye sahani.

"Bi Mwanamkisi," alisema Bwana Khatib, "wewe ni mama yetu hapa. Marehemu baba alikuwa akikusifu."

"Kwangu hakupitisha hizo sifa, Bwana. Labda alizisahau ndiani akija."

Bwana Khatib akacheka kidogo, kicheko cha kupimia. Alikuwa mtu wa sala tano na safu ya mbele msikitini, ndevu zimechanwa, hapandishi sauti. "Nimesikia mmeapa. Kwa Msahafu. Nimehuzunika. Kitabu cha Mungu si cha kutishia watu."

"Hatukumtishia mtu. Tuliapa sisi kwa sisi."

"Sikiliza, mama. Nyumba ile uliyomo, sijawahi kukuuliza. Na yule Hamdu hali yake ni ile, atalazwa wapi? Mimi sitaki kufika huko." Akasukuma karatasi taratibu, na kibweta cha wino. "Hii yasema umetoka chamani kwa hiari yako. Weka dole gumba, unywe chai yako, tusahau."

Bi Mwanamkisi aliitazama ile karatasi. Alisoma mpaka darasa la nne, herufi azijua. Neno *hiari* alilisoma mara mbili. Alifikiria kitanda cha Hamdu kikiwa nje, juani. Alifikiria magoti yake. Akataka kusema jambo la kuchekesha, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake siku zote, akalitafuta, hakuliona.

Akaweka dole. Kisha, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, akala mahamri yote matatu. Yalikuwa mazuri.

Siku mbili hakumtazama Nusra usoni. Alifua nazi ameinamisha kichwa, na Nusra naye, kwa ajabu ya Mungu, alikuwa ameinamisha chake. Nyumbani alimwambia Hamdu anaumwa kichwa. Usiku wa pili hakulala sawasawa. Kutoka chamani ni jambo moja, lakini yamini ni yamini, mkono ulikuwa juu ya Msahafu, na yeye alikuwa mtu wa kuelekea kaburini kuliko kuelekea arusini. Jumapili baada ya alasiri akajitanda buibui, akaenda kwa Mwalimu Ubaid wa madrasa kuuliza mtu aliyevunja yamini hulipa nini.

Mlangoni pa madrasa akasimama. Palikuwa na viatu. Viatu vya mtu ukifanya naye kazi miaka unavijua kama sura yake. Ndara za bluu zilizoshonwa kwa uzi wa nyavu zilikuwa za Amini mkwezi. Zile nyekundu zilizokatika kisigino, za Nusra. Akahesabu, akafika jozi kumi na tatu, akavua zake zikawa kumi na nne.

Ndani walikaa kwenye mikeka kama watoto wa chuo walioshindwa sura. Hakuna aliyemwangalia mwenziwe. Mwalimu Ubaid, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alikuwa akimtazama kila anayeingia kwa mshangao unaoongezeka.

"Na wewe, Bi Mwanamkisi? Na wewe una *swali lako la siri*?"

Amini ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia, kicheko kikamtokea puani. Kisha wakacheka wote, kicheko cha aibu, cha watu waliokutana uchi kisimani kila mmoja akidhani yuko peke yake.

"Mimi nilidhani ni mimi tu," alisema Nusra akijifuta macho. "Aliniambia mmeshatoka wote, nimebaki mimi."

"Na mimi aliniambia hivyo," alisema Amini.

"Kwangu hakusema kitu," alisema Bi Mwanamkisi. "Mimi nilipatikana kwa mahamri."

Mwalimu aliwaacha watulie. Kisha akaeleza, kama anavyowaeleza wote: kafara ya yamini ni kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa. Asiyeweza lolote katika hayo, afunge siku tatu.

"Mtumwa hatuna," alisema Amini.

"Labda tujiache huru wenyewe," alisema Bi Mwanamkisi, "lakini sijui kama yahesabika."

"Maskini kumi?"

"Tukikusanyika sisi tu wametimia, na zaidi."

Ikabaki saumu. Lakini Mwalimu aliinua kidole. "Ngojeni. Nataka kujua. Mlilazimishwa? Kwa maana aliyelazimishwa, yamini yake haikuvunjika mbele ya Mungu. Hana kafara. Anaweza kwenda zake."

Hili lilikuwa jambo la kupewa bure, kama nazi iliyoanguka yenyewe. Kila mmoja alimwangalia Bi Mwanamkisi, kwa sababu alikuwa mkubwa wao. Yeye akajiangalia. Hakushikwa mkono. Hakupigwa. Alikalishwa kwenye kiti.

"Mimi, Mwalimu, siwezi kumdanganya Mungu," alisema kwa uchovu. "Nilipewa chai. Nitafunga."

Na wenziwe wakasema vile vile, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo.

Jioni ile alimweleza Hamdu yote. Hamdu alisikiliza, macho kwenye boriti.

"Wote wametoka?"

"Wote, mwanangu. Aliyesimama imara ni mmoja tu, na huyo ndiye asiyeweza kusimama."

Hamdu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Idi. "Basi chama ni mimi. Mwenyekiti, katibu na mpiga kura." Kisha akageuza uso ukutani. "Mama, usinionee haya. Ningekuwa na miguu ningekwenda barazani na mimi, nikaweka dole."

Jumatatu walianza saumu, watu kumi na wanne pamoja. Na Jumatatu hiyo hakuna aliyekwea mnazi.

Fadhil alifika shambani akakuta viko kimya vifuo vyote. Aliwakuta kwenye kivuli cha banda, wengine wamejilaza, Bi Mwanamkisi ana tasbihi. Aliwauliza, wakamwambia. Akarudi nyuma hatua mbili, akapiga simu. Alhamisi asubuhi ingefika boti ya mizigo kuchukua nazi elfu sita za mteja wa Malindi, na makuti ya hoteli, na mpaka siku ile zilikuwa zimeangushwa elfu moja na kidogo.

Bwana Khatib aliwasili Jumanne kwa boti ya kasi, kanzu imerowa mapindoni. Alikwenda moja kwa moja madrasa, Fadhil nyuma yake, maana ndiko walikoshinda siku ile. Nusra naye alikuwa amempigia Hillary, na Hillary alikwisha kufika, amekaa kwenye ngazi na chupa ya maji, akimeza mate kwa kichefuchefu.

"Huu ni mgomo," alisema Bwana Khatib. Hakupandisha sauti hata hapo. "Na mgomo una taratibu zake. Hamkutoa notisi. Bwana Hillary, wewe wajua sheria."

"Mzee, mgomo ni wa chama," alisema Hillary. "Na wewe umeniandikia ya kwamba hawa watu wametoka kwa chama, wote kumi na wanne. Barua iko hapa, na madole yao. Kwa hivyo hawa si watu wangu. Mimi nimekuja kusalimia tu."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Bwana Khatib akageukia mkeka.

"Saumu haizuii kazi. Ramadhani hufanya kazi nyote."

Bi Mwanamkisi alingoja mwingine aseme, mtu mwenye meno zaidi. Hakutokea.

"Ramadhani, Bwana, ulitwambia mwenyewe," alisema mwishowe. "Mtu aliyefunga hakwei mnazi. Akikwea akaanguka, kosa ni lake. Tulilishika sana neno lako. Hamdu bado analishika, kule kitandani."

"Wewe hukwei. Wewe wafua."

"Nifue nini? Nazi zishuke zenyewe zimwamkie Fadhil?"

Vicheko vikapita chini chini. Bwana Khatib akamgeukia Mwalimu Ubaid. Siku tatu hizo, aliuliza, lazima zifuatane? Mwalimu, ambaye alikuwa mkweli hata pale ukweli ulipokuwa hauna faida, akasema hapana, si lazima.

"Basi fungeni Ijumaa tatu, siku zenu za mapumziko!"

"Bwana, mimi nina miaka sabini na moja," alisema Bi Mwanamkisi. "Ijumaa nitaifika? Utanidhamini?"

"Nitawalishia mimi hao maskini. Kafara nitaibeba mimi."

"Maskini kumi kwa kila mtu," alisema Mwalimu. "Mia na arubaini."

"Maskini mia na arubaini niwatoe wapi kisiwa hiki?"

"Usende mbali, Bwana," alisema Bi Mwanamkisi. "Anza hapa ulipo."

Safari hii walicheka waziwazi, hata Fadhil alitazama upande. Mwalimu Ubaid alivua miwani, akaifuta kwa kanzu. Alikuwa na huruma na kila mtu, hata na tajiri. Huo ndio ugonjwa wake.

"Kuna ndia moja iliyobaki, Bwana Khatib. Nyepesi. Aliyelazimishwa kuvunja yamini hana kafara. Mimi niliwauliza, wakasema hawakulazimishwa. Lakini aliyekuwepo pale barazani ni wewe. Ukisema wewe, mbele ya watu hawa, kwamba uliwalazimisha, basi saumu yao yeo hii hii si ya lazima tena. Watafungua, watakwea. Alhamisi boti yako itajaa."

Kuku alipita katikati ya mkutano, akanyaga kona ya mkeka, akaondoka. Hillary aliweka chupa chini na kutoa simu yake polepole, akaishika usawa wa kifua. Bwana Khatib aliiona ile simu. Alikuwa ana wakili. Alijua kumlazimisha mfanyakazi atoke chamani kunaitwaje kortini. Lakini Bi Mwanamkisi, aliyekaa karibu, aliona kwamba si korti iliyomziba. Ni kusema. Mtu aliyeishi miaka sitini akiitwa mwema na watu anaowalipa hawezi kulitoa mdomoni neno kama lile.

"Sikumlazimisha mtu," alisema Bwana Khatib. "Niliwapa chai."

"Ndivyo nilivyosema na mimi," alisema Bi Mwanamkisi. "Na mahamri."

Neno lilimtoka lenyewe, kama kuku kibandani ukisahau mlango. Wenziwe walipiga makofi kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama Bwana Khatib, na Bwana Khatib anamtazama yeye, na akajua palepale, kwa utulivu wa mtu aliyechoka, kwamba ameiuza nyumba yake kwa mzaha. Alijaribu kujuta. Hakuwa na nguvu za kutosha.

Barua zilikuja Jumatano alasiri mkononi mwa Fadhil, siku ya tatu ya saumu. Zilikuwa mbili tu. Moja ilimfukuza kazi Nusra. Ya pili ilimfukuza kazi Bi Mwanamkisi, na ikamtaka aondoe nyumba yake katika shamba kabla ya adhuhuri ya kesho yake.

Alimsomea Hamdu. Hamdu aliomba asomewe tena, halafu akauliza kama kuna tende.

Alhamisi asubuhi alianza kuezua mwenyewe. Alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akafungua kamba za makuti ya upande wa chini, yale anayoyafikia. Fadhil alikuja akasimama mbali, mikono nyuma.

"Bi, samahani. Bwana amesema uchukue vilivyo vyako. Makuti, boriti, fito, mlango. Lakini udongo usiguswe. Udongo ni wake."

Bi Mwanamkisi aligeuka juu ya kinu. "Udongo upi?"

"Wa kuta. Ulichimbwa humu shambani."

Aliteremka. Ilimchukua muda, magoti yalikuwa na maoni yao. Akakaa kwenye kinu, akavua ndara, akazikung'uta moja baada ya nyingine mbele ya Fadhil. Akakunjua shuka lake, akalikung'uta. Kisha akatafuta kijiti, akaanza kutoa uchafu ndani ya kucha zake, kidole kwa kidole, akiupangusa chini kwa uangalifu.

"Bi, tafadhali," alisema Fadhil.

"Ngoja, mwanangu. Asije akanidai akhera. Mwengine niliumeza nikiwa mdogo, lakini huo mwambie nitaurudisha wote kwa mara moja, si muda mrefu."

Fadhil akaondoka, akaenda kusimama nyuma ya mnazi ambapo hakuonekana uso.

Watu walianza kufika saa mbili. Nusra wa kwanza, na mamake, ambaye alikuwa na kiwanja kidogo cha urithi ukingoni mwa Mbwajumali, kisichokuwa cha Bwana Khatib wala cha mtu mwingine wa Mkomani, akasema wahamie huko. Halafu Amini na wakwezi wanne. Halafu wafuaji wawili. Bi Mwanamkisi alihesabu, pamoja na yeye mwenyewe: tisa katika kumi na wanne. Watano walikuwa shambani, kwani kutoka huko ilisikika nazi moja moja ikidondoka, na mlio wa kifuo. Hakuwalaumu. Kama angekuwa bado na nyumba ya kupoteza, pengine na yeye angekuwa kule.

Wakwezi walipanda paa kwa dakika chache, wakalivua kama ngozi ya ng'ombe. Fadhil alikuja tena, saa mkononi. Boti ilikuwa imekwisha kufika gatini, na nahodha alikuwa akipiga kelele kwenye simu kwamba maji yakitoka naye atatoka, na nazi au bila nazi.

"Amini, kafara yenu si imeisha yana, Jumatano?"

"Imeisha," alisema Amini kutoka juu ya boriti.

"Basi mna nini yeo? Mwafunga tena?"

"Yeo twala. Nimekunywa uji." Akamrushia mwenzake kuti. "Yeo tunahama."

"Nani amehamishwa? Ni Bi Mwanamkisi peke yake!"

Amini aliliwaza hilo kwa muda, au alijifanya kuliwaza. "Boriti nzito," alisema, akaendelea kufungua kamba.

Walitoka kabla ya adhuhuri. Wanne walibeba kitanda, Hamdu juu yake, mwavuli mkononi, akiwaelekeza kwa sauti ya nahodha asiyeijua bahari. Nyuma yao mlango wa mninga ulibebwa na wanawake wawili, na boriti mabegani mwa wengine. Bi Mwanamkisi alikuja mwisho na sufuria zake na Msahafu kwapani. Aligeuka mara moja. Kuta zilikuwa zimesimama bila paa, mlango ukiwa tundu, na ndani jua limejaa mpaka pembeni. Hakuwahi kujua chumba chake ni kidogo hivyo.

Nusu ya njia magoti yakakataa. Akaomba wasimame. Waliweka mlango chini ya kivuli cha mkwaju, akauketia. Huko gatini boti ilipiga honi mara mbili, kisha injini ikasikika ikienda mbali, nyepesi, ya chombo kisichobeba kitu cha maana.

Nusra alichuchumaa kando yake. Alitoa kwenye mkoba karatasi za Hillary, zile zile za kujaza, mpya.

"Bi, wenzangu wasema tujiandikishe upya. Wanane wamekubali. Wanangoja uukunjue Msahafu, tuape."

"Hatuapi."

"Bila kuapa?"

"Mwanangu, sina nguvu za siku tatu zingine." Alisugua goti. "Na safari ile tulimpa kitu cha kuvunja. Mwache ahangaike kutafuta kingine. Andika majina tu."

"Hillary atacheka. Ndivyo alivyosema tangu mwanzo."

"Acheke. Mtoto wa watu hutapika kila akija, apate na yeye furaha kidogo."

Nusra aliilaza karatasi juu ya mbao za mlango, pembeni mwa paja la Bi Mwanamkisi, akaandika. Alipofika penye mahali pa makazi akainua kalamu.

"Niandike wapi?"

Bi Mwanamkisi aliangalia mbele, ambako kitanda kilikuwa kimekwisha kutangulia, mwavuli ukipepesuka juu ya vichwa vya watu. Aliangalia boriti zilizolala majanini. Alichoka kiasi kwamba hata kuangalia kulikuwa kazi.

"Andika ndiani," alisema. "Tukifika utarekebisha."

Kutoka huko mbele Hamdu alikuwa akiita, kwa sauti ya mwenye njaa, kuuliza paa lake liko wapi.

"Laja!" Amini alimjibu, makuti yamemfunika mpaka mabegani. "Ngoja Mama ainuke kwanza, ameukalia mlango."

Bi Mwanamkisi alinyoosha mkono, Nusra akamvuta, akasimama.